Picha za Anga la Jioni Kwenye Prairi: Kutambua Kasoro na Chanzo Chake

Mwezi wa Juni, kwenye prairi (uwanda mpana wa nyasi) ya kusini mwa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, jioni huwa ndefu kiasi kwamba mtu anaweza kula chakula cha usiku, kuosha vyombo, kuendesha gari hadi nje ya mji na bado akalikuta jua halijagusa nyasi. Pamoja na nafasi hiyo yote, wengi hurudi na picha zisizofanana na walichokiona: anga jeupe lisilo na wingu hata moja, nchi nyeusi tii, rangi zilizopauka, au majani yaliyotikisika. Mwongozo huu unazifuata kasoro hizo kuanzia dalili hadi chanzo. Mifano mingi ni ya Grasslands National Park, jirani na kijiji cha Val Marie karibu na mpaka wa Marekani, na michache ni ya Flint Hills katika jimbo la Kansas, eneo linalohifadhi sehemu kubwa ya prairi ya nyasi ndefu iliyosalia Amerika Kaskazini, prairi ambayo kwa jumla imebaki chini ya asilimia 4 ya ilivyokuwa zamani.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, picha yenye kasoro ikuzwe kwenye kioo cha kamera hadi ukubwa wake kamili, kisha itazamwe histogramu yake, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa giza (kushoto) na mwangaza (kulia) katika picha. Hatua hizo mbili huchukua chini ya nusu dakika na hutenganisha vyanzo vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa, yaani mwanga, upepo na kifaa chenyewe. Kasoro nyingi za jioni kwenye prairi hutokana na mwanga, zinazofuata hutokana na upepo, na zile za kifaa ni chache, ingawa muuza lenzi hatafurahi kulisikia hilo.

Anga limeungua, au nchi imekuwa nyeusi

Jua likiwa limebakiza nyuzi chache kufika kwenye upeo wa macho, mawingu yaliyo karibu nalo huwa na mwangaza mkubwa mno kuliko upande wa majani uliolipa jua kisogo, na tofauti hiyo huzidi uwezo wa kihisi cha kamera katika picha moja. Kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe hutafuta wastani. Nchi ikijaza sehemu kubwa ya fremu, kamera huongeza mwanga na anga huungua. Anga likijaza fremu, hupunguza mwanga na nchi huzama gizani. Dalili ya uhakika kwamba chanzo ni hiki ni kuona picha mbili zilizofuatana, zinazotofautiana kwa mwinuko mdogo tu wa lenzi, zikiwa na mwangaza tofauti kabisa. Mahali penye milima au majengo tofauti hiyo hupungua, lakini kwenye prairi fremu hugawanyika sehemu mbili tu, na kila unapoinua au kushusha lenzi unabadilisha hesabu yote.

Dawa ya kwanza ni kuinyang'anya kamera uamuzi huo. Weka upimaji wa mkono, elekeza lenzi kwenye wingu angavu lililo karibu na jua bila kulijumuisha jua lenyewe, panga mwangaza hadi ukingo wa kulia wa histogramu ukaribie mwisho bila kuugusa, kisha rudi kwenye utunzi wako na usibadilishe kitu mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Kwa mwenye simu, kazi hiyohiyo hufanywa kwa kugusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo, kushikilia kidole hadi kipimo kijifunge, na kukivuta chini kidogo. Nchi itaonekana yenye giza kupita kiasi, lakini katika faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, giza hilo linaweza kuinuliwa baadaye, ilhali wingu lililoungua halirudi kwa njia yoyote.

Upo mtego mmoja ndani ya dawa hii. Histogramu ya rangi moja inaweza kuonyesha kwamba kila kitu kipo salama wakati mkondo wa rangi nyekundu umekwisha kujaa, kwa kuwa mwanga wa machweo ni mwekundu kupita wastani wa rangi zote. Matokeo yake ni doa la rangi ya chungwa lililo bapa, lisilo na mikunjo ya wingu ndani yake. Kamera nyingi zina histogramu yenye mikondo mitatu; wakati wa machweo hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Filta ya nusu kivuli, yaani kioo kilichotiwa giza upande wa juu na kuachwa wazi upande wa chini, ambayo mahali pengi hukata vilele vya milima na kuacha mstari unaokera, hufanya kazi yake vizuri sana huku kwa sababu upeo wa macho umenyooka. Njia nyingine ni kupiga picha kadhaa zenye mwangaza tofauti na kuziunganisha kwa programu, lakini njia hii hugombana na upepo: majani hayakai mahali pamoja kati ya picha ya kwanza na ya tatu, na picha iliyounganishwa huwa na vivuli viwili viwili kwenye ncha za nyasi. Anayeitumia afadhali achukue anga kutoka kwenye picha moja na nyasi zote kutoka kwenye nyingine, badala ya kuiachia programu ichanganye.

Tena, si kila nchi nyeusi ni kasoro. Ghala refu la nafaka, uzio wa nguzo au kundi la baisani (nyati wa Amerika Kaskazini) likisimama mbele ya anga lenye rangi, umbo lake jeusi hutosha, na kulimulika kwa nguvu ya programu hulifanya lionekane kama limebandikwa. Kigezo ni kuuliza kama ukingo wa giza una umbo linalosomeka. Ikiwa ni mstari mtupu, giza hilo halina kazi.

Rangi zimepauka

Machweo yaliyokuwa mekundu machoni yakitoka kama chai iliyozidishiwa maziwa, mshukiwa wa kwanza ni mizani ya rangi ya kamera iliyowekwa kwenye hali ya kujiendesha. Kazi ya hali hiyo ni kuondoa wekundu na unjano ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe, na wakati wa machweo wekundu huo ndio ulioufuata. Weka mizani ya mchana, yaani kelvini 5200 hadi 5500, au mizani ya mawingu kama unataka joto zaidi. Katika faili la RAW hili hurekebishwa hata baadaye. Katika JPEG masahihisho yana mpaka wake.

Mizani ikiwa sahihi na rangi bado hazipo, chanzo kinaweza kuwa ni kuondoka mapema. Mawingu membamba ya juu kabisa huendelea kupokea mwanga wa jua kwa dakika nyingi baada ya jua kuzama kwa aliyesimama chini, na mara nyingi wekundu wao hukolea wakati watu wamekwisha kukunja miguu ya tripodi. Geuka pia nyuma. Upande wa mashariki, anga likiwa safi, huonekana ukanda wa waridi juu ya utepe wa buluu ya kijivu, na utepe huo ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda hewani. Mahali pasipo na milima kama hapa huonekana kuanzia ukingo hadi ukingo.

Wingu zito lililofunika kila upande hadi kwenye upeo halina dawa, kwa kuwa mwanga haupati mlango wa kupitia. Angalia kama kuna ufa upande wa kaskazini-magharibi, na usipokuwepo, elekeza lenzi chini kwenye maua. Juni ndio mwezi yanapoanza kuchanua mayungiyungi mekundu ya prairi, ua rasmi la jimbo la Saskatchewan linalolindwa na sheria, na mwanga laini wa mawingu huyafaa kuliko jua kali.

Jua limezama mahali pasipotarajiwa, na usiku hauji

Kasoro hii huwapata hasa waliokulia karibu na ikweta, na miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili walioko Edmonton, Winnipeg, Omaha au Des Moines hao ni wengi. Nairobi au Kigoma, jua huzama kila siku ya mwaka ndani ya nyuzi 24 hivi kutoka magharibi halisi, na hushuka karibu wima. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, katika wiki za karibu na Juni 21, jua huzama kwenye nyuzi 308 za dira, yaani kaskazini-magharibi kabisa, tena hushuka kwa mshazari kama linaloteleza juu ya upeo. Mtu aliyepanga barabara inayokwenda magharibi iishie kwenye jua atalikuta jua liko mbali sana upande wa kulia. Barabara za prairi zimepimwa kufuata mistari ya dira, kaskazini kwa kusini na mashariki kwa magharibi, kwa hiyo mpangilio wa jua juu ya barabara hupatikana vizuri karibu na Machi 20 na Septemba 22, si Juni. Mwezi wa Juni tumia mwanga wa ubavuni, ambao huchora kila jani na kila tuta la changarawe, na acha kulikimbiza jua.

Kuhusu saa, mjini Regina jua la katikati ya Juni huzama yapata saa tatu na robo usiku, na jimbo hilo halisogezi saa zake kufuata majira. Mapambazuko na utusitusi navyo ni virefu: muda kutoka jua kuzama hadi linapofika nyuzi 6 chini ya upeo ni dakika 40 hivi, karibu mara mbili ya muda huo mjini Dar es Salaam. Anayelalamika kwamba picha zake za nyota zina anga la buluu upande wa kaskazini hata saa sita za usiku asiitafute kasoro kwenye kamera. Kaskazini ya nyuzi 48.6, katika siku za karibu na Juni 21, jua halifiki nyuzi 18 chini ya upeo, na bila kufika hapo giza kamili halipatikani. Grasslands National Park, iliyotambuliwa mwaka 2009 kuwa hifadhi ya anga la giza, ipo juu kidogo ya mstari huo. Anayetaka Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota angani, asubiri Agosti, au aende Kansas, ambako usiku wa Juni ni mfupi lakini ni giza kweli.

Wapo pia wanaodhani picha zao zimeharibika kwa sababu ya michirizi ya rangi ya fedha na buluu iliyojitokeza chini upande wa kaskazini, muda mrefu baada ya machweo. Hayo ni mawingu ya usiku, yanayotokea kwenye kimo cha kilomita 80 na zaidi na kupata jua wakati mawingu mengine yote yamo gizani. Huonekana Juni na Julai, na kwa kawaida hutafutwa kuanzia latitudo za nyuzi 50 kwenda juu. Lenzi ya milimita 50, tundu la lenzi la f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), ISO 400 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na sekunde chache hutosha kwa kuanzia.

Picha haikutulia

Ikuze picha na uulize ni nini hasa kilichotikisika. Kama kila kitu kimetikisika, pamoja na ghala la mbali lisiloweza kusogea, tatizo ni tripodi au mkono. Kama ghala limetulia na nyasi za mbele zimekuwa ukungu wenye mwelekeo mmoja, tatizo ni upepo na kasi ya shata, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kufika kwenye kihisi. Kama nyasi za mbele zina ukungu usio na mwelekeo, tatizo ni fokasi. Na kama picha nzima ni laini kidogo kila mahali bila mtikisiko, kuna uwezekano mkubwa kwamba tundu la lenzi limefungwa hadi f/22, ambapo mwanga hujikunja kwenye ukingo wa tundu na kufifisha ukali wote.

Kwa upepo, ambao kwenye prairi ni mwenyeji na wewe ndiye mgeni, kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi huhitajika kwa nyasi zilizo karibu na lenzi. Pandisha ISO hadi 800 bila woga. Chenga chache zinazoletwa na ISO kubwa huondolewa kwa programu, mtikisiko hauondoki. Tripodi isimamishwe chini, nguzo yake ya kati isipandishwe, na mkanda wa kamera uondolewe kwa sababu hupepea na kutikisa kila kitu. Ushauri unaorudiwa wa kutundika mkoba chini ya tripodi ni nusu ya ukweli: mkoba unaoning'inia hubembea, kwa hiyo ni lazima uguse ardhi. Siku zisizo na dhoruba, upepo wa chini hupungua jua linapozama kwa kuwa ardhi hupoa na hewa hutulia, na picha ya nyasi inayoshindikana saa moja kabla ya machweo huwezekana dakika kumi baada yake.

Kwa fokasi, kamera hupapasa ikielekezwa kwenye anga lisilo na mstari wa kushika. Lenzi ya milimita 24 kwenye kihisi cha fremu kamili, tundu likiwa f/8 na fokasi ikikazwa kwenye umbali wa mita 3 hivi, huonyesha kwa ukali vitu vyote kutoka mita moja na nusu hadi upeo wa macho. Kaza hapo kwa mkono na uache.

Picha ni tupu

Hakuna taa ya onyo inayowaka kwa kasoro hii, na ndiyo ngumu kuliko zote. Prairi haimpi mpiga picha mlima wa kuegemea. Mara nyingi chanzo ni upeo wa macho kuwekwa katikati, anga na nchi zikigombania picha bila mshindi. Amua ni kipi kilichokuleta. Ikiwa ni mawingu, ipe nchi sehemu moja ya tano tu. Ikiwa ni maua, shuka mpaka lenzi iwe kwenye kimo chao. Ikumbukwe kwamba zile nyasi maarufu za Flint Hills, zinazopita kimo cha mtu mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Juni bado ni fupi, na anayepiga akiwa amesimama wima hupata zulia la kijani lisilo na mwanzo wala mwisho.

Chanzo kingine ni lenzi pana kupita kiasi. Wingu la dhoruba lililojaza nusu ya anga huonekana kama pamba iliyodondoka likipigwa kwa milimita 16 kutoka kilomita 40. Kwa wingu la mbali tumia milimita 70 hadi 200. Na mstari wa upeo uwe sawa kwa kipimo cha kamera, kwa kuwa katika nchi iliyonyooka hivi hata mwinamo wa nyuzi moja huonekana.

Madoa, mabaka na mistari angani

Doa la kijivu linalokaa mahali palepale katika kila picha na kufifia unapofungua tundu hadi f/4 ni vumbi kwenye kihisi. Barabara za changarawe huyazalisha kwa wingi, basi lenzi isibadilishwe nje ya gari. Doa linalohama ni mbu au mdudu mwingine, na Juni hawahesabiki. Miduara ya rangi iliyojipanga kwenye mstari mmoja na jua ni mwanga unaodundadunda ndani ya vioo. Vua filta ya kinga na usafishe lenzi. Baka jeusi la buluu upande mmoja wa anga ni kazi ya filta ya polaraizi, ile inayozungushwa ili kukata mng'ao, juu ya lenzi pana, kwa kuwa nguvu yake hufika kilele kwenye nyuzi 90 kutoka kwenye jua na kupungua kwingineko.

Lenzi yote ikivaa ukungu ghafla, umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye hewa yenye unyevu. Zima kiyoyozi dakika 20 kabla ya kufika.

Dhoruba, radi na upinde

Radi haionekani kwenye picha kwa sababu kasi ya shata ni kubwa mno. Subiri giza la kutosha ili shata ikae wazi sekunde 10 hadi 30 kwa f/8 na ISO 100, na ufululize picha bila kusimama. Haya yafanywe ukiwa ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa au karibu kufungwa. Kati ya mwako na ngurumo hesabu sekunde tatu kwa kila kilomita. Zikiwa chini ya 30, tripodi haina ruhusa ya kuwa nje, maana kwenye uwanda huu hiyo na wewe ndio vitu virefu kuliko vyote, na itasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Dhoruba nyingi za huku huelekea mashariki, hivyo jua la jioni huingia chini ya wingu likitokea nyuma yake na kuchora upinde wa mvua mbele yako. Upinde uliokatika ncha ni suala la lenzi: upana wake ni nyuzi 84, na fremu kamili inahitaji milimita 18 au pungufu kuumeza wote jua linapokuwa kwenye upeo. Upinde uliotoweka kwenye picha ingawa macho yanauona umefutwa na filta ya polaraizi. Izungushe robo duara, nao utarudi ukiwa umekolea kuliko mwanzo.

Wanyama weusi, wanyama waliokimbia

Baisani ana manyoya yanayomeza mwanga, na mbele ya machweo huwa pande la giza. Simama upande ambao jua liko nyuma yako au ubavuni, na usipungue mita 100 kutoka kwake, ambayo ndiyo kanuni ya hifadhi za Kanada. Kwa mbwa wa prairi, ambaye si mbwa bali mnyama mdogo wa jamii ya kindi, na bundi anayeishi katika mashimo yao, gari lenyewe ndilo maficho: zima injini, kwa sababu mtetemo wake hutikisa lenzi ndefu, egemeza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, na uanze na 1/500 ya sekunde.

Moshi

Katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2023 ambao misitu iliyoteketea Kanada ilivunja rekodi, moshi umekuwa sehemu ya jioni za mwanzo wa kiangazi. Dalili yake ni anga la kijivu lisilo na mawingu, vivuli hafifu, na jua linalogeuka sahani nyekundu kabla halijafika kwenye upeo. Filta haisaidii, na kuongeza ukali wa rangi kwenye programu huleta uchafu wa kahawia usioaminika. Kinachofaa ni kuachana na mandhari pana, kuchukua lenzi ya milimita 300 au zaidi, na kuiweka ile sahani nyekundu nyuma ya nguzo ya uzio au ghala la mbali, ukitazama kupitia kioo cha nyuma cha kamera na si kupitia kitundu cha jicho, kwa kuwa jua lililofifishwa na moshi linaweza kudhuru macho likikuzwa na lenzi. Mwangaza upimwe kwenye anga lililo pembeni ya sahani hiyo na kupunguzwa hatua mbili, vinginevyo itatoka nyeupe.